Mkwe Hatajwi Dirishani

Mimi ugonjwa wangu ni kuuliza. Marehemu mume wangu alikuwa akisema siku nikifa nitamuuliza mchimba kaburi kwa nini ameanzia upande wa miguu. Sawa, aseme. Lakini mimi ni mtoto wa Upare niliyeletwa Kibondo kufundisha nikiwa msichana, sijui hata neno moja la Kiha, na nisingeuliza ningekaa huku mpaka nastaafu nikila ugali wa muhogo bila kujua nimekaa na nani.

Na pamoja na kuuliza kwangu kote, yuko mtu niliyeishi naye ua kwa ua na kitu kikubwa sikukijua. Ni jirani yangu Josephina, Mama Tharsisi, mke wa Bwana Mifugo. Huyo Bwana Mifugo jina lake ni Dionis, alikuwa afisa mifugo wa wilaya, na ng'ombe wa Kibondo karibu wote amewachoma sindano. Barabarani hakuna anayemwita Dionis. Kwa watu wote ni Bwana Mifugo, na kwa mkewe ni Baba Tharsisi, basi.

Mama Tharsisi alikuwa na jambo moja lililokuwa likinikera. Waha ukiwaambia kitu ambacho tayari wanacho kichwani, hata mkiwa mnaongea Kiswahili, watakujibu, "Ndabizi." Maana yake nalijua hilo. Neno hilo hawalitui kutwa nzima. Mama Tharsisi sikuwahi kumsikia akilisema. Ukimwambia mvua imelaza maharage, anainua nyusi. Ukimwambia padri amehamishwa, nyusi. Mwanzo nilidhani ni unyenyekevu, halafu nikadhani ni maringo. Siku moja nikamuuliza, "Kwani wewe, jirani, hakuna hata kitu kimoja unachokijua?" Akacheka, akaniomba chumvi.

Tulikuwa tunaelewana hivyo hivyo. Tuligombana mara moja tu, kuku wake walipomaliza mchicha wangu. Nilimpa maneno yangu yote pale kwenye ua wa minyaa, akanisikiliza, akanipa kisogo. Alipofika mlangoni kwake akageuka akasema kama anavyosema kila jioni, "Haya Mwalimu Aneth, tutaonana kesho majaliwa." Hasira zangu zikakosa pa kukaa. Hata kugombana naye ilikuwa kazi.

Sasa mwaka huu, mwezi wa saba, Bwana Mifugo alikwenda Kasulu kwenye msiba wa binamu yake. Akateleza kwenye ngazi za kanisa, akavunjika nyonga. Wakamlaza huko huko Kasulu, wakamwambia apasuliwe. Daktari wa mifupa ni wa kuja na kuondoka, anatoka Mwanza, anapasua waliopangwa, halafu anarudi zake. Bwana Mifugo akapangwa. Walipoingiza kadi yake ya bima kwenye mashine, kadi ikakataa. Muda wake ulikuwa umekwisha.

Sisi wastaafu kadi zetu ni za mwaka. Kila mwaka unakwenda mwenyewe kwenye ofisi ya bima kuhakikiwa kwamba bado unapumua. Unaweka kidole kwenye mashine, wanaihuisha kadi, na mwenza wako anaendelea kutibiwa chini yako. Huwa natania kwamba serikali inaniita kuniuliza kama nimekufa, na kila mwaka naionea haya kuijibu. Bwana Mifugo alikuwa amepanga akitoka msibani apitie hapo hapo Kasulu ahakikiwe. Nyonga ikamuwahi.

Mtoto wao Tharsisi ni dereva wa lori, na siku hizo alikuwa amekwama Tunduma kwenye foleni ya mpakani. Mama Tharsisi akaja kwangu asubuhi, kanga imefungwa vizuri, macho mekundu. Hakuomba kitu. Nikachukua mkoba wangu, nikafunga mlango, tukaenda stendi.

Njiani alikuwa akikaza na kulegeza fundo la kanga yake. Tulipofika Makere, pale kwenye kizuizi, gari likasimama tukaguliwe vitambulisho. Kina mama wa kambi ya Nyarugusu walikuwa wakipitisha ndizi na maandazi madirishani, wakiongea kile Kiswahili chao cha Kongo ambacho nakipenda. Mama Tharsisi alifungua fundo la kanga, akatoa kitambulisho chake, akakirudisha. Halafu akaniuliza, "Mwalimu, huko kwenye bima wataniuliza nini?"

"Kitu gani wakuulize? Utaweka kidole. Wakiuliza sana, watauliza jina."

"Jina la nani?"

"La mgonjwa."

Akageukia nje.

Tulianzia hospitali. Bwana Mifugo alikuwa amelazwa chali, mguu umevutwa kwa uzito, uso umesinyaa, lakini alinitania hivyo hivyo kwamba Wapare wamekuja kuhesabu gharama za maziko. Nesi akatutoa pembeni akatuambia bila kupindisha. Daktari anapasua kesho, keshokutwa anaondoka, na hajulikani atarudi lini. Kadi isiposoma leo, kesho mgonjwa haingii. Na mtu wa umri ule akiachwa kitandani na nyonga iliyovunjika, kifua ndicho kinachomuua. Mama Tharsisi aliyasikia yote. Bwana Mifugo akamwambia, "Nenda, Mama Tharsisi. Mimi siwezi kwenda, wewe ndiye mimi. Ni kuweka kidole tu."

Ofisi ya bima ni chumba kimoja chenye dirisha la kioo. Nyuma ya kioo alikaa kijana anaitwa Godson, na alipotupa shikamoo nikajua ametoka Machame, maana ile sauti ya Kilimanjaro haifichiki. Nikamwambia mimi ni wa Gonja, jirani yake wa mlimani. Akatabasamu. Nikajisemea kazi imekwisha.

Mama Tharsisi akaweka kidole. Mashine ikakataa. Akaweka kingine. Ikakataa. Godson akampa pamba yenye spiriti afute, akampa mafuta apake, akamwambia akandamize polepole. Vidole vyote kumi vikakataliwa. Godson akavigeuza, akavitazama. Vilikuwa laini kabisa kwenye ncha, jembe limevisugua alama zote.

"Mashine si inaweza kuletwa hospitali?" nikauliza. "Mgonjwa mwenyewe vidole vyake ni vya sindano, vina alama zote."

"Imeunganishwa na kompyuta, mama. Na niko peke yangu." Akafikiri kidogo. "Ipo njia nyingine. Mwenza anajibu maswali kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini wewe mama usimsaidie. Ukitamka hata herufi moja, nafunga. Majuzi nililetewa mke hapa, kumbe ni mpangaji wao."

Akamuuliza mwanachama amezaliwa wapi. Mama Tharsisi akataja kijiji, kigango na mto. Akamuuliza alikuwa na kazi gani na alistaafia wapi. Akajibu mpaka Godson akamwomba apunguze. Halafu akamuuliza, "Sasa jina lake, na jina la baba yake."

"Dionis," akasema kwa sauti ndogo.

"Dionis nani?"

Akavitazama vidole vyake.

"Jina la baba yake, mama."

"Baba yake alikuwa akichonga mizinga ya nyuki," akasema Mama Tharsisi.

"Sijauliza kazi. Jina."

"Alikuwa mrefu. Ana pengo hapa mbele. Amezikwa kwetu Kibondo, juu ya shamba la muhogo."

Godson akaweka kalamu chini. Alikuwa kijana mwenye adabu, lakini niliona ameanza kutushuku. "Mama, umeolewa na huyu mzee tangu lini?"

"Tangu sijaota mvi."

"Na jina la baba yake hulijui?"

Mama Tharsisi akainua nyusi.

Mdomo ulikuwa unaniwasha. Jina la Bwana Mifugo nilikuwa nalo. Watumishi wote wa wilaya tulikuwa tukibandikwa majina kwenye ubao mmoja wa matangazo, na yeye alikuwa Dionis Majaliwa, miaka nenda miaka rudi. Nilikuwa nalo pale kwenye ncha ya ulimi, na kijana wa watu amenikodolea macho nisilitoe. Nikamsonya Mama Tharsisi mbele yake, nikashindwa kujizuia.

Godson akasema, "Mfumo unaruhusu jibu mara mbili. La pili likikosewa, faili linafungwa mpaka mkoani walifungue, na mkoani hamuwezi kufika leo. Sijaandika chochote bado. Nendeni nje, mama apumzike, akumbuke. Kabla sijafunga ofisi nitamuuliza tena."

Tukakaa kwenye benchi la barazani. Bodaboda za Heru Juu zilikuwa zinashuka na magunia, vumbi jekundu likitufuata mpaka miguuni. Nikamgeukia. "Mama Tharsisi, wewe unataka mumeo afe kwa ajili ya jina?"

"Sitaki afe, Mwalimu. Ndiyo maana sisemi."

"Maana yake nini?"

Akavua ndala, akazipanga chini ya benchi kama anayeingia nyumbani kwa mtu. Ndipo akanieleza. Kwenye ukoo ule alikoolewa, mke hatamki jina la baba mkwe. Halitamki jikoni, halitamki shambani, hata mkwe akishakufa. Na neno lolote linalofanana na jina hilo anaachana nalo, anatafuta lingine. Siku aliyoingia pale kama bibi harusi, mama mkwe alimkalisha akamwambia: ukilitaja, mikono yako itatetemeka, na baya lake halitakuja kwako, litakwenda kwa mumeo. Mke wa kaka yake Bwana Mifugo alilitaja siku moja kwa hasira, wakiwa wanapalilia. Mumewe hakuyaona mavuno.

"Watu walisema ni malaria," nikasema. Sikumbuki hata kama niliambiwa hivyo, nilisema tu.

"Walisema. Lakini mikono ya yule mama niliiona mwenyewe." Akanitazama. "Mwalimu, leo niseme jina, kesho mume wangu anaingia kisuni. Ungekuwa wewe, ungelisema?"

Hasira zikaniisha zote, na nikaona afadhali zingebaki, maana ndizo zilizokuwa zimenishikilia. Niliogopa. Kumbe huyu mama hakuwa mkaidi. Alikuwa amebanwa huku na huku: akinyamaza, mumewe anaachwa kitandani afe na kifua, na akisema, kwa alivyoamini, anamuua kwa mdomo wake.

Lakini ugonjwa ni ugonjwa. Nikamuuliza, "Hayo maneno yanayofanana, ni kama yapi?"

"Nikikutajia si nitakuwa nimelitaja?"

Tukacheka wote wawili, pale pale katikati ya shida. Nikamwambia tumpigie Baba Tharsisi simu ampe ruhusa. Akatikisa kichwa. "Ruhusa si yake. Jina si lake."

"Basi muombe mwenye jina," nikasema, na kusema kweli nilisema kwa kukata tamaa, si kwa busara.

Yeye akalichukua kama lilivyo. Akainuka bila ndala, akazunguka nyuma ya jengo kwenye mikaratusi. Nikamfuata kwa macho, nani angeacha kumfuata? Aliuliza mpita njia upande wa Kibondo ni upi. Akageukia huko, akapiga magoti kwenye majani makavu, akapiga makofi yale ya pole wanayowapigia wakubwa, akaanza kuongea Kiha. Alikuwa anaongea kama na mtu aliye karibu kabisa. Nilisikia "mumbabarire" mara kwa mara, naomba mnisamehe. Aliongea mpaka nikaanza kutazama mlango wa ofisi nisije nikauona unafungwa.

Alirudi amejifuta magoti. Mikono aliificha ndani ya kanga.

"Niulize," akamwambia Godson.

"Jina la baba wa mwanachama."

Nikajikaza, nikasubiri Majaliwa.

"Niyibizi," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri. Godson akatazama kioo cha kompyuta, akamtazama yeye, akatazama tena kioo. Nilimwona amemwonea huruma, na huruma ile ilinitisha kuliko ukali.

"Siyo hilo, mama."

Kanga ikaanza kutikisika. Ilikuwa mikono yake ndani.

"Ndilo," akasema. "Ndilo jina lake. Mimi ndiye niliyempikia mpaka anakufa."

"Nimeandika kama ulivyosema. Limekataa. Imebaki mara moja."

Nilisimama pale kama nimemwagiwa maji, lakini kichwani mambo yalikuwa yanakimbizana. Niyibizi. Ndabizi. Ni sauti ile ile. Kumbe ndilo neno lililokuwa halimtoki, na mimi nikamdhania mjinga, nikamdhania mwenye maringo, kumbe kila akiinua nyusi alikuwa anamheshimu mzee aliyelala juu ya shamba la muhogo. Hilo moja. Na la pili likaja nyuma yake likanigonga: majaliwa. Kila jioni kwenye ua wa minyaa, tutaonana kesho majaliwa. Mwanamke anayekwepa neno la Kiha kwa sababu linafanana na jina la mkwe, angewezaje kulitamka jina zima la mkwe kila jioni bila kupepesa? Asingeweza. Kwa hiyo huyo Majaliwa wa ubao wa matangazo hakuwa baba yake Bwana Mifugo. Sasa alikuwa nani?

Hapo ualimu ukanisaidia. Mtoto wa darasa la kwanza haji na cheti, anakuja ameshikwa mkono. Mwalimu anauliza, wa nani huyu? Na aliyemshika mkono anajibu, wangu. Anaandikwa hivyo, anasoma hivyo, anaajiriwa hivyo, na huko kwao hakuna anayejua.

"Godson, mwanangu," nikasema, "niruhusu nimuulize swali ambalo halina jina ndani yake."

"Mama, nimekwambia."

"Ukisikia jina kinywani mwangu, funga. Na mimi mwakani usinihakiki, nihesabu nimekufa."

Akajifikiria, akaitikia kwa kichwa.

"Mama Tharsisi, Baba Tharsisi alipokuwa mdogo, nani alimpeleka shule siku ya kwanza?"

Alikuwa amechoka, sauti imekauka. "Shule? Mzee alikuwa porini kwenye mizinga yake, hakutaka mambo ya shule. Alipelekwa na katekista wa kigango."

"Katekista gani?"

"Si yule Majaliwa," akasema, kama anayetaja chumvi.

Godson akaacha kugusa kila kitu. "Rudia, mama. Nikuulize mimi. Jina la baba wa mwanachama, lililoandikwa hapa?"

Mama Tharsisi akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Mnataka kusema ameandikwa Majaliwa?"

"Wewe ndiye unayesema."

"Basi ni Majaliwa."

Akaandika. Kompyuta ikalia mlio mdogo, na mashine ya pembeni ikaanza kutoa karatasi. Godson akajinyoosha akacheka peke yake. "Imekubali, mama. Kadi inasoma mpaka mwakani."

Mimi nilitaka kumrukia kwa furaha. Mama Tharsisi hakusogea. "Tangu lini?" akauliza.

"Tangu darasa la kwanza, nadhani," nikamjibu. "Kwani hujawahi kuona karatasi zake?"

"Nilikuwa nazigeuza nikifuta vumbi mezani. Nisije nikalisoma jina la mzee." Akaitazama ile karatasi. "Kwa hiyo hili la katekista ningeweza kulisema tangu tulipofika."

"Ndiyo."

"Na la mzee nimelitaja bure."

Niliichukua karatasi yetu kwa Godson. Nilimshika mkono tukatoka, na mkono ule ulikuwa bado unatetemeka.

Kesho yake walimwingiza Bwana Mifugo kisuni asubuhi. Tulikaa nje kwenye korido. Nilimnunulia chai, ikapoa mkononi mwake. Mimi ni Mlutheri, nimebatizwa, nimefundisha sayansi, na nawaambia ukweli, nilikaa pale nikiitazama mikono ya yule mama kana kwamba kipimo cha mgonjwa kilikuwa hapo. Kila mlango ulipofunguliwa nilisimama. Nilijichukia, maana aliyemwambia aombe ruhusa kwa mwenye jina ni mimi.

Nesi akatoka akasema wamemaliza, kuna damu kidogo aliyopoteza lakini yuko salama, atazinduka. Mama Tharsisi hakufurahi. Alisema, "Kuzinduka bado."

Wakati wa kuona wagonjwa jioni alikuwa amezinduka. Macho mazito, midomo imekauka, lakini alitutambua, akauliza kama Wapare bado wanasubiri maziko. Nikamwambia tumeahirisha. Mama Tharsisi hakucheka. Alipiga magoti kando ya kitanda, kichwa chini, akamwambia. Alimweleza vidole vilivyokataliwa, mikaratusi, jina, na kwamba halikuwa hata linahitajika.

Bwana Mifugo akatazama dari. Mimi nilitaka kutoka nje, nikabaki nimeshika chuma cha kitanda.

"Ulilisema kwa sauti?" akamuuliza mkewe.

"Kwa sauti."

"Pale ofisini?"

"Pale dirishani. Mbele ya Mwalimu na kijana wa bima. Nisamehe, Baba Tharsisi."

Machozi yakaanza kumtoka, na kwa vile alikuwa amelala chali yakamwingia masikioni. Mama Tharsisi akaona, akajua ndiyo yale aliyoyaogopa, akaanza kulia naye. Bwana Mifugo akatafuta mkono wake juu ya shuka mpaka akaupata.

"Sikiliza," akamwambia. "Mimi nimesoma kwa jina la Majaliwa, nimeajiriwa Majaliwa, nimeagwa kwa sherehe Majaliwa. Nikirudi likizo, baba alikuwa akiniuliza, huko serikalini wananijua? Nikawa namwambia wanakujua, baba, wanakuita kila mwisho wa mwezi. Alikufa anaamini hivyo. Nilimdanganya mpaka kaburini, Mama Tharsisi." Akameza mate. "Hakuna mtu aliyewahi kumtaja baba yangu kwenye ofisi. Hata mimi mwanawe sijawahi. Wewe ndiye wa kwanza."

"Lakini kompyuta ilimkataa," akasema Mama Tharsisi.

"Imkatae. Ametajwa."

Sikuuliza kitu. Nafikiri ni mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nilisimama pale nikijifuta pua kwa kanga yangu, na nilipoitazama mikono yao sikuweza kujua kama wa Mama Tharsisi ulikuwa umetulia wenyewe au ni kwa sababu ulikuwa umeshikwa.

Baadaye, alipokwisha kumlisha uji, ugonjwa wangu ukarudi. Nikasema, "Bwana Mifugo, mwakani ukienda kuhakikiwa, kwa nini usiombe warekebishe, mzee aandikwe mahali pake?"

Kabla hajajibu, mkewe akaingilia. "Halafu mashine inikatae vidole tena, niulizwe? Katekista akae hapo hapo alipo." Bwana Mifugo akacheka mpaka akashika nyonga, na nesi akaja kutukemea.

Nilirudi Kibondo peke yangu, wao wakabaki mpaka aliporuhusiwa. Sasa anatembea kwa magongo mawili mpaka kwenye ua wa minyaa, anakaa kwenye kigoda, anatusikiliza tukiongea. Jioni ya kwanza tulipokutana tena pale, Mama Tharsisi aliniaga kama siku zote, tutaonana kesho majaliwa, akaanza kuondoka. Nikamwita.

"Mama Tharsisi, hivi unatambua kwamba miaka yote hii, kila jioni, umekuwa ukimtaja mumeo kwa jina lake la serikali?"

Akageuka. Akamtazama Bwana Mifugo kwenye kigoda chake, akanitazama mimi, akainua nyusi.